Mae Sai, pale barabara inapoishia

Nimerudi Arusha wiki ya pili sasa. Nina daftari lililolowa kona, picha mia nne na ushee kwenye simu, na bangili moja ya kijani ambayo kila anayeiona ananiuliza naiuza bei gani. Siiuzi. Haya nayaandika kwa ajili ya wenzangu wa biashara ya mawe ya vito, wanaokwenda Bangkok kila mwaka, wakashinda mitaa ya Silom na Mahesak na lenzi jichoni, kisha wakarudi nyumbani bila kuiona Thailand yenyewe. Mimi nilikuwa hivyo hivyo kwa miaka kumi na minane ya udalali.

Jina la Mae Sai, mji wa mpakani kaskazini kabisa mwa Thailand, nililisikia zamani kwa wanunuzi wa rubi. Miaka ya tisini, rubi za Mong Hsu kutoka Jimbo la Shan, Myanmar, zilikuwa zinavushwa hapo kwenda kuchomwa moto ili rangi itakate, na kukatwa, huko Chanthaburi, mji wa mawe wa Thailand. Wazee wa biashara wakilitaja jina hilo wanatabasamu kidogo, na kisha wanabadilisha mazungumzo. Halafu mimi ni mtoto wa Namanga. Nilikulia karibu na mpaka kiasi kwamba jogoo aliyetuamsha alikuwa wa Kenya. Mji wa mpakani hauhitaji kunibembeleza.

Kabla sijaanza: visa niliombea ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, ya kuingia mara moja. Kadi ya homa ya manjano usiisahau. Ukitua Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, unapita kwanza dawati la afya, unajaza fomu, unaonyesha kadi, ndipo unakwenda uhamiaji. Ukiupanga ule mstari mrefu wa uhamiaji bila muhuri wa afya, utarudishwa nyuma ukaanze upya. Nimeshuhudia watu wakirudishwa, na safari yangu ya kwanza kabisa nilikuwa mmoja wao.

Jumanne, 12 Novemba 2024. Bangkok, stendi ya Mo Chit

Kwa ndege hadi Chiang Rai, mji wenye uwanja wa ndege ulio karibu na Mae Sai, ni saa moja na dakika kadhaa. Nikachagua basi la usiku, kwanza kwa ubahili, pili kwa sababu linafika Mae Sai kwenyewe. Tiketi baht 800 na kitu. Baht moja nilikuwa naihesabu kama shilingi 77, kwa hiyo weka elfu sitini na tano hivi.

Yule dada wa tiketi aliniambia basi linaondoka "nueng thum". Nikamwomba aandike saa. Akaandika 19.00. Nikacheka peke yangu pale dirishani, maana nueng ni moja, na saa moja usiku ni saa moja usiku! Kumbe Wathai nao wakishaingia usiku huanza kuhesabu upya kama sisi: moja, mbili, tatu, mpaka tano. Msifurahi mkapitiliza lakini. Mchana hesabu yao inaachana na yetu, saa nane yetu kwao ni mbili. Mwambie mtu akuandikie.

Basi liliondoka saa mbili kasoro robo. Kiyoyozi chao ni adhabu; blanketi wanalokupa beba na shuka yako juu yake. Saa sita usiku tukasimama mahali kula kwa kuponi, uji wa mchele wenye nyama ya nguruwe, nami nikala ndizi zangu na yai la kuchemsha nililonunua nje. Baada ya hapo nililala.

Jumatano, 13 Novemba. Mae Sai

Nilipofungua pazia nje kulikuwa na ukungu, mashamba ya mpunga yameshavunwa nusu, na abiria wamevaa makoti na kofia za sufi. Mwanzo wa majira ya baridi, wanasema. Simu yangu ilisema nyuzi 18. Kwa mtu wa Arusha anayeijua Julai, hiyo ni hali ya hewa ya kwenda sokoni na kitenge kimoja, lakini kondakta alinitazama mikono wazi akanionea huruma kweli.

Stendi iko nje ya mji. Hapo unadandia songthaew, pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana, ambayo wazee wa Dar wangeiita chai maharage. Baht 15 hadi mpakani. Barabara yenyewe ni namba moja ya taifa, Phahonyothin, inayoanzia kwenye Mnara wa Ushindi pale Bangkok, ikasafiri karibu kilomita 1,000, ikaja kugonga lango la uhamiaji la Mae Sai na kuisha. Baada ya lango ni daraja, na baada ya daraja ni Tachileik, Myanmar.

Mto uliniacha mdomo wazi. Nilitegemea kitu kama Ruvuma. Mto Sai ni mwembamba, mtoto wa darasa la tatu anarusha jiwe likatua nchi nyingine. Nyuma za nyumba za huku zinatazamana na nyuma za nyumba za kule, kanga za kule zimeanikwa (si kanga, ni longyi, lakini mtaniwia radhi), na ukisimama kwenye ukingo unasikia mtu wa ng'ambo akikohoa. Namanga mpaka ni ofisi na geti. Hapa mpaka ni maji, na bado ng'ambo ile ni nusu saa nyuma, maana saa ya Myanmar inachelewa kwa dakika thelathini. Magari pia: Thailand wanaendesha kushoto kama sisi, Myanmar kulia, hivyo madereva wanabadilishana pande palepale. Nilikaa dakika ishirini nikiangalia hilo tu.

Kuvuka sikuvuka. Visa ya kuingia mara moja ukitoka imekufa, na ng'ambo kuna vita tangu jeshi lilipopindua serikali mwaka 2021. Wapo watu wa mtandaoni watakaokuambia "jaribu tu". Usijaribu tu. Uliza langoni siku hiyohiyo, kwa wale wenye muhuri.

Sasa tope. Septemba mabaki ya kimbunga Yagi yalimwaga mvua milimani, mto huo mwembamba ukapanda na kuingia mjini na tope zito kama uji wa muhogo. Miezi miwili baadaye, soko la Sai Lom Joy linalopita chini ya daraja na kufuata ukingo lilikuwa nusu wazi, nusu limefungwa. Kwenye kuta kuna mstari wa kahawia. Nilisimama chini yake nikanyosha mkono. Vidole vyangu havikuufikia. Maduka yaliyofunguliwa yananuka sabuni na rangi mpya. Gesti yangu, baht 450 kwa chumba chenye bafu lake, ilikuwa imefunga ghorofa ya chini yote, na mwenye nyumba akaniomba radhi kwa tope lililobaki kwenye kona ya ngazi kana kwamba amelileta yeye.

Jioni nilitafuta cha kula bila kujua pa kuanzia, na harufu ya siagi ikanivuta hadi kwa mzee mwenye kofia nyeupe anayechoma roti kwenye kikaango cha duara. Akaona mtandio wangu, akasema "Assalamu alaikum", nikaitikia, akaniuliza kwa mkono: wapi? Nikasema Tanzania. Hakuijua. Nikasema Afrika. Akaita mtoto wake aje aone. Roti zao ni chapati zetu zilizosahau adabu: unga unarushwa hewani mpaka unakuwa mwembamba kama pazia, unawekwa ndizi na yai, unakunjwa, unamwagiwa maziwa ya kopo. Baht 40. Ya pili alinikatalia pesa. Kisha akanichorea kwenye karatasi ya kufungia roti ramani ya sehemu mbili ninazoweza kula bila wasiwasi. Ramani hiyo ndiyo iliyonilisha siku zote zilizobaki, na ninayo bado, imeingia mafuta.

Alhamisi, 14 Novemba. Bangili zinazolia

Siku hii nilikuwa nimeipangia mambo matatu. Nilifanya moja na nusu.

Jedi, jiwe la kijani ambalo Wachina wanalienzi kuliko dhahabu, linatoka migodi ya Hpakant, Jimbo la Kachin, kaskazini mwa Myanmar. Mae Sai ni mojawapo ya milango yake ya siku nyingi. Nikapita dukani kwa mama mmoja wa makamo, uso wa Kichina, duka lake mgongo kwa mto. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake mabeseni mawili ya kufulia yamejaa bangili, mkononi mswaki. Anasugua tope.

Nikajitambulisha kwa lenzi yangu. Wa kazi moja hawahitaji utangulizi mrefu. Akanivutia kigoda. Taratibu, kwa Kiingereza cha vipande na simu ya kutafsiri, nikaelewa kilichompata. Mawe hayakuharibika, jiwe halina cha kuharibika kwenye maji. Kilichokufa ni karatasi. Kila bangili ilikuwa na kijikaratasi chake cha uzi: daraja A, jedi halisi isiyoguswa, B, iliyochemshwa kwenye asidi ikajazwa gundi ili ing'ae, C, iliyotiwa rangi. Bei ya A na B hazikai meza moja. Tope likala vijikaratasi vyote na kuchanganya masanduku yote, akabaki na mabeseni ya bangili zisizo na majina.

Kwa hiyo anazisikiliza. Anaipitisha bangili kwenye uzi, inaning'inia, anaigonga kwa kipande cha jiwe kingine. Iliyo halisi inatoa sauti ndefu, nyembamba, inayobaki hewani kama kengele ya baiskeli ya zamani. Iliyojazwa gundi inasema "tok" na kunyamaza. Anaweka kulia, anaweka kushoto. Zile anazozitilia shaka anaziweka katikati, baadaye atazipeleka maabara. Nikamwomba nijaribu. Kumi za kwanza nilipatia sita. Kumi za pili, nane. Akaniongezea chai.

Hapo ndipo nikataka kumsifu kwa lugha yangu. Nikaiambia simu kwa Kiswahili: "Hili linalia vizuri sana." Simu ikasema Kithai chake. Mama akaacha mswaki, akageuka nyuma, akainuka kuchungulia mlangoni, kisha akaiandikia simu, nayo ikanisomea: "Mtoto wa nani analia?" Nilipoweza kumweleza kwamba kwetu kengele hulia, simu hulia, na mtu hulia, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye povu. Tangu hapo kila ikitoa sauti nzuri ananiambia kwa Kiingereza, "Baby crying."

Kwenye funguo zangu nilikuwa na kipande cha jiwe la Longido, lile la kijani lenye madoa mekundu ya rubi, linalochimbwa Mundarara. Akaliona. Akalining'iniza, akaligonga. "Tok." Nikaumia kidogo, sitadanganya. Lakini akalipiga tochi, akaona yale madoa mekundu, akanitazama. "Mong Hsu?" Nikasema hapana, nyumbani. Akataka nirudie jina. Longido. Akalisema vizuri kuliko Wazungu wengi ninaowauzia.

Bangili niliyonunua alianzia baht 3,000, tukamalizana 1,200 na lile jiwe la Longido juu yake. Kwa bei hiyo ninajua kabisa si jiwe la kumtajirisha mtu, rangi yake imefifia upande mmoja. Inalia vizuri, basi. Na kwa mtakaofuata: jedi ya pesa nyingi msiinunue bila cheti cha maabara, hata muuzaji awe malaika, na "rubi" za kwenye vikaratasi vya barabarani ziacheni palepale. Kama hamuwezi kuacha, angalau msiniite mimi niziangalie mkirudi.

Jioni nikapanda ngazi za hekalu la Doi Wao, juu kabisa ya mji. Huko kuna sanamu kubwa ya nge mweusi, makoleo yameelekezwa Myanmar. Chini yake unaona paa za miji miwili zilizoshonwa pamoja na uzi mmoja wa maji ya kahawia, na pagoda ya dhahabu ya Tachileik ikiwaka kwa jua la mwisho. Nilishuka nikanunua njugu kubwa za Kichina, kaolat, zinazokaangwa ndani ya kokoto nyeusi kwenye sufuria linalozunguka. Zina utamu wa kiazi kitamu. Mae Sai inanuka njugu hizo usiku kucha.

Ijumaa, 15 Novemba. Sop Ruak na Chiang Saen

Ni usiku wa Loi Krathong, sikukuu yao ya kuachia mishumaa ielee mtoni, mwezi mpevu wa mwezi wa kumi na mbili kwa kalenda yao. Nikapanda songthaew ya asubuhi hadi Sop Ruak, baht 50, kilomita thelathini hivi. Hapo Mto Ruak unaingia Mekong na nchi tatu zinaangaliana: Thailand, Myanmar, na Laos yenye kasino yenye taji kubwa la dhahabu juu ya paa. Pembetatu ya Dhahabu, eneo lililovuma kwa afyuni, ndiyo hii. Picha, jua kali, watu wengi. Kilichoniweka ni makumbusho madogo ya afyuni yaliyo karibu na sanamu kubwa ya Buddha, kwa sababu wana mizani! Vipimo vya shaba vilivyochongwa kama ndege na tembo, kuanzia wa ukubwa wa punje ya mtama hadi wa ngumi. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko mgeni mwingine yeyote. Mtu aliyepima mawe maisha yake yote akiona mizani nzuri hasahau, hata kama ilipima sumu.

Chiang Saen iko kilomita kumi mbele, mji wa kale wenye kuta za matofali zilizomezwa na miti ya msaji. Hekalu la Wat Pa Sak hapo inasemekana lilijengwa mwaka 1295. Nilizunguka kwa miguu, nikala wali wa kunata na samaki wa kuchoma, nikafika ukingoni mwa Mekong saa kumi jioni.

Bibi mmoja alikuwa ametandika mkeka akitengeneza krathong za kuuza: kipande cha mgomba, majani ya mgomba yaliyokunjwa kama petali, maua ya manjano, mshumaa, udi vijiti vitatu. Majani yalikuwa yanampasukia. Nikachuchumaa, nikaomba moto wake wa makaa, nikayapitisha jani moja moja juu juu mpaka yakalegea na kung'aa, kama tunavyofanya nyumbani. Akanishika mkono, akaita wajukuu. Nilikunja majani mpaka giza likaingia. Alitaka kunipa krathong yangu niielekeze mtoni. Nikamwonyesha mtandio wangu, nikaweka mkono kifuani, akaelewa, akanipa chungwa badala yake. Nikakaa naye tukiangalia mishumaa ikielea kuelekea chini, mingine ikizimwa na mawimbi ya boti palepale, na ng'ambo ya mto taa za Laos.

Saa mbili usiku ndipo nikakumbuka kuuliza usafiri. Hakuna. Songthaew za Mae Sai zilikuwa zimekwisha mchana, na hilo andikeni kwa kalamu nyekundu: ya mwisho huondoka mapema kuliko unavyodhani, na sikukuu haibadilishi kitu. Nikaanza kupiga hesabu ya gesti. Yule bibi akamwita mwanawe. Mwanawe akamwita mkewe. Baada ya majadiliano marefu ambayo sikuelewa neno, nikawekwa mbele kwenye pikapu, mke katikati na mtoto amelala mapajani kwake, vijana watatu nyuma, na tukaenda Mae Sai, karibu kilomita arobaini, wao waliokuwa wamefika kwao tayari. Mlangoni kwa gesti nikatoa baht 500. Jamaa akarudi nyuma hatua mbili kama nimemtolea kisu. Mkewe aliniita "phi", dada mkubwa, akaurudisha mkono wangu mfukoni mwangu mwenyewe. Nikakimbia chumbani nikaleta pakiti ya kahawa ya Arusha niliyokuwa nimeibeba kwa ajili ya mteja wa Bangkok. Hiyo wakaipokea kwa mikono miwili.

Mteja wa Bangkok atanisamehe, au hatanisamehe.

Jumamosi, 16 Novemba. Tham Luang

Kijana wa bodaboda wa karibu na gesti alinipeleka pango la Tham Luang kwa baht 250 kwenda na kurudi, kilomita chache kusini mwa mji. Mlima unaitwa Doi Nang Non, mwanamke aliyelala, na kweli ukiutazama kutoka barabarani unaona paji la uso, pua, kidevu.

Mnakumbuka kisa. Tarehe 23 Juni 2018 watoto kumi na wawili wa timu ya mpira ya Nguruwe Pori, wa miaka 11 hadi 16, na kocha wao wa miaka 25, waliingia pangoni baada ya mazoezi, mvua ikaja, maji yakawafungia. Wazamiaji wawili Waingereza waliwakuta hai Julai 2, na kati ya Julai 8 na 10 wakatolewa wote kumi na watatu. Saman Kunan, aliyekuwa askari wa jeshi la majini, alifia ndani ya maji Julai 6 akirudi kutoka kupeleka mitungi ya hewa. Sanamu yake ya shaba imesimama pale, na miguuni kwake nguruwe pori wadogo kumi na watatu. Maji yaliyopampwa yalizamisha mashamba ya mpunga ya wakulima wa chini, na wengi wao walikataa fidia.

Nilikwenda mpaka mdomoni mwa pango. Ni mkubwa, ungeingiza lori. Hewa inayotoka ni ya baridi na ina harufu ambayo ninaijua. Machi 2008 mvua ya usiku mmoja iliingia kwenye mashimo ya tanzanite ya Mererani, na kwa kuwa mashimo yameungana huko chini, maji yakahama kutoka moja hadi jingine na kuua makumi ya wachimbaji. Kijana aliyeniletea mawe yangu ya kwanza, kwa mkopo, akiwa ameyafunga kwenye karatasi ya sigara, alikuwa zamu ya usiku. Hapo Tham Luang kulikuwa na familia za watalii, watoto wanakimbia, mtu anauza barafu. Nikakaa kwenye jiwe. Sikuingia ndani na sikutaka kuulizwa kwa nini. Kijana wangu wa bodaboda hakuniuliza. Alininunulia maji, akakaa umbali wa heshima mpaka nilipoinuka.

Njiani kurudi nikamuuliza kama Jumatatu angenipeleka mpaka Chiang Rai, nimlipe vizuri. Akasimamisha pikipiki, akatoa pochi, akanionyesha kitambulisho cha rangi ya waridi. Amezaliwa Mae Sai, amesoma Mae Sai, lakini si raia wa popote; na kwa kadi hiyo, alivyonieleza, ukitaka kutoka nje ya eneo lako unahitaji karatasi ya ruhusa. Akaniambia kocha wa wale watoto na watatu kati ya watoto wenyewe walikuwa hivyo hivyo, wakapewa uraia Agosti ile ya 2018. "Wao walikuwa pangoni," akasema, akaipiga kiki pikipiki.

Jumapili, 17 Novemba. Doi Tung

Kwa kifupi: mlima, baridi ya kweli asubuhi, bustani ya maua yaliyopangwa kwa rula, na mradi ulioanzishwa mwaka 1988 na mama yake mfalme wa wakati huo, Bhumibol, ili wakulima waache afyuni walime kahawa na makadamia. Kahawa nilikunywa vikombe viwili. Ni nzuri. Ya kwetu ina uchachu zaidi na mimi ni shabiki, kwa hiyo msinisikilize.

Jumatatu, 18 Novemba. Barabara ya kurudi

Basi la Chiang Rai, baht 50 na kitu, feni badala ya kiyoyozi, madirisha wazi. Saa moja na nusu ukibahatika. Pasipoti iwe mkononi, si ndani ya begi kubwa chini, kwa sababu barabara ya kutoka mpakani ina vizuizi vya askari, na wanapanda kila basi.

Jirani yangu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, ana faili la nailoni lenye karatasi na mfuko wa kaolat za moto. Akanigawia njugu mbili bila kusema neno, nikazishika kiganjani zipoe.

Kizuizini askari kijana alipanda. Pasipoti yangu aliigeuza geuza, akatafuta muhuri, akaniuliza bangili nimenunua wapi, akatabasamu, akapita. Binti akatoa kadi ya waridi na karatasi yake. Askari akaisoma, akarudia kuisoma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja na kumwonyesha. Binti alisema kitu kwa sauti ndogo. Kisha akasimama, akashuka na faili lake, akaingia kwenye kibanda.

Tulisubiri dakika kumi na tano kwa saa yangu. Dereva alizima injini, akaiwasha, akatazama kibandani. Kondakta akaja kwenye kiti chetu, akachukua begi la binti na mfuko wa njugu, akavipitisha dirishani kwa askari mwingine aliyekuwa chini. Basi likaondoka. Zile mbili nilizokuwa nazo mkononi zilikuwa bado na uvuguvugu.